Mama Rudia na Kitanda Namba Saba

Ukitaka kujua mtu amefanya kazi kweli au amepita tu kazini, usimtazame mikono, maana mikono hupakwa mafuta ikang'aa. Mtazame viatu. Viatu vya Mama Rudia vilikuwa vyeupe, vya kamba, na soli ya mguu wa kulia ilikuwa imeliwa upande mmoja. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiingia wodi ya wanaume ya upasuaji kwa mlango uleule, anageukia kulia, anaanza na kitanda namba moja. Fundi aliyekuwa akimshonea soli alimwambia, "Mama, siku moja jaribu kuanzia kushoto, uniokolee kazi." Akamjibu, "Kushoto kuna ukuta, baba."

Hakuwa na cheo kikubwa. Alikuwa muuguzi wa wodi, basi. Wadogo zake kazini walishapanda wakawa na ofisi zenye pazia, na wengine wakipita wodini humpungia mkono kwa mbali, kama mtu anayepungia basi alilokwisha kushuka. Yeye hakuumia roho. Alikuwa akisema ofisi haina mgonjwa, na mtu hawezi kumpima joto karani.

Jina la Mama Rudia alibandikwa na wenzake. Daktari akipiga simu kutoka chumba cha upasuaji, "Kitanda cha nne mpe dawa fulani, kiasi fulani," wengine husema "sawa daktari" na kukata. Yeye husema, "Subiri. Umesema kitanda cha nne, dawa fulani, kiasi fulani, kwenye mshipa. Ndivyo?" Asipojibiwa "ndivyo," hatoi kitu. Wapishi wa jikoni walikuwa wakimtania: "Usimsalimie yule kama una haraka. Ukisema shikamoo, atakuuliza, umesema shikamoo, siyo?" Mumewe, ambaye alikuwa fundi wa kushona magodoro, naye alikuwa na lake. Wageni wakija huwaambia, "Mimi huyu nilipomposa nilitakiwa niseme mara mbili, tena mbele ya mashahidi."

"Na mara ya pili ulisema vingine," Mama Rudia humjibu kutoka ndani. "Mara ya kwanza ulisema una nyumba."

Lakini kulikuwa na desturi yake nyingine, nzito kuliko hiyo ya simu, na hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa aibu.

Mwaka wake wa kwanza kazini, angali msichana mwembamba ambaye kofia ya uuguzi ilikuwa ikimwelea kichwani, alipewa sindano ya kisukari ampelekee mgonjwa. Akafika kwenye kitanda, akamkuta mzee mmoja muuza mkaa amelala, akamwita kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi, "Wewe ndiye fulani?" Mzee akasema, "Ndiyo, binti." Akamchoma. Haikupita saa, mzee akaanza kutoka jasho, kutetemeka, na kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kumbe hakuwa na kisukari. Kumbe hakuwa fulani. Wakamkimbizia dripu ya sukari, na ilipofika alasiri macho yakarudi mahali pake.

Yule msichana alikwenda kumwomba radhi huku machozi yanamtoka. Unajua mzee alisema nini? Yeye ndiye aliyeomba radhi.

"Unisamehe, binti yangu. Uliponiita lile jina nilijua si langu. Lakini nikaona aibu kukukosoa mbele za watu, nawe umevaa nguo nyeupe. Nikajiambia, labda hospitalini wanatupa majina mengine."

Tangu siku ile Mama Rudia hakumtilia mgonjwa jina mdomoni. Alikuwa akisema watu wetu wana adabu inayoua. Mbele ya daktari mtu atakubali kila kitu. Ukimuuliza "umepata nafuu?" atasema ndiyo huku anajikunyata. Ukimuuliza "wewe ndiye mwenye mimba?" atasema ndiyo naye ni mwanamume mwenye ndevu. Basi yeye akawa anafika kitandani, anasimama, anasema, "Mimi sikujui. Nitajie majina yako matatu, uniambie na kilichokuleta." Hata kama alikuwa amemwosha mtu huyo mgongo asubuhi hiyo hiyo. Wagonjwa waliokaa wiki tatu walikuwa wakimcheka. "Sista, jana si ulinikata kucha?" Naye hujibu, "Jana ilikuwa jana. Sema."

Sasa, hospitali ile ikaja kupata Mganga Mkuu mpya. Alikuwa mtu safi, mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni, na huko alikotoka alikuwa ameungua. Alikuwa amesimamishwa mahakamani kwa sababu ya dawa iliyokwenda kwa mtu asiye wake, na wakili wa upande wa pili akafungua daftari la wodi na kulisoma mstari kwa mstari mbele ya watu. Alitoka pale na mafunzo mawili: kazi iende haraka ili wagonjwa wasilalamike, na kitabuni kuandikwe kidogo ili wakili asipate cha kusoma. Mtu aliyeumwa na nyoka hata ukambaa humshtua, huwezi kumlaumu sana.

Kwa mtu wa namna hiyo, Mama Rudia alikuwa mwiba wa samaki kooni. Anachelewesha, na tena anaandika. Malalamiko yakamfikia mara mbili, yote kutoka kwa daktari kijana wa wodi ile aliyeitwa Daktari Mbio, kwa sababu alitembea koti linapepea nyuma yake na hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa arobaini na miguu miwili.

Mganga Mkuu akamwita Mama Rudia, akamkabidhi barua. Lalamiko la tatu likija, anaondolewa wodini na kupelekwa stoo ya mafaili, kule chini, penye taa moja na panya wake.

Jioni ile alimwonyesha mumewe barua. Mzee akaisoma, akaikunja.

"Lalamiko moja tu?"

"Moja tu."

"Basi punguza kidogo, mke wangu."

"Nipunguze nini?"

"Maswali."

"Nikipunguza maswali si nitapunguza na wagonjwa?"

Mzee akaokota sindano yake ya magodoro. Alijua kwamba kumtoa mwanamke yule wodini ni kama kumweka mpishi jikoni na kumkataza kugusa sufuria. Chakula atakinusa, lakini atakufa na njaa ya mikono. Usiku ule Mama Rudia hakulala vizuri, lakini asubuhi aliamka akapaka viatu chokaa yake kama kawaida, akaenda.

Hiyo ilikuwa Jumanne, na Jumanne hiyo ndiyo tunayoisimulia.

Jioni ya jana yake walikuwa wamelazwa wagonjwa wawili wapya, wakati yeye yuko nyumbani. Kitanda namba saba, karibu na choo, alipewa dereva wa lori, kijana mwenye kifua kipana aliyekuwa akivuja damu tumboni kwa vidonda, mpaka viganja vimekuwa vyeupe kama karatasi. Kitanda namba kumi na mbili, kule dirishani, alipewa fundi saa, mzee mwembamba mwenye shida ya mkojo, anayesubiri kupasuliwa tezi. Mpango mbaya huo, kama unavyoona. Mwenye haja ya choo yuko mbali nacho. Usiku kucha mzee yule alipita katikati ya vitanda na dripu yake ameishika mkono wa juu, huku anasema "samahani, samahani" kwa kila mtu, hata kwa waliolala.

Asubuhi dereva akamwambia, "Mzee wangu, umetembea usiku huu kuliko lori langu. Njoo ulale hapa, mimi nihamie dirishani."

"Hapana, kijana, nitakusumbua."

"Unanisumbua zaidi ukipita."

Wakaona si vizuri kuhama bila kuomba ruhusa. Mama Rudia alikuwa ndiyo kwanza ameingia zamu, amebeba sinia la vifaa mikono miwili, anaelekea mlangoni ambako walikuwa wanaingiza mtu aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mguu umevunjika na mfupa unaonekana. Dereva akamwita, "Sista, mimi na mzee tubadilishane vitanda?" Yeye, bila hata kugeuza uso sawasawa, akasema, "Sawa, badilishaneni, nakuja kuhamisha kadi."

Wakabadilishana. Kadi hakuhamisha.

Mtu wa jukwaani alimchukua saa tatu nzima. Na kadi za hospitali ile, pamoja na mafaili, zilikuwa zikining'inizwa kwenye chuma cha kitanda, upande wa miguuni. Mtu akihama, kadi inabaki. Basi kwenye kitanda namba saba akalala fundi saa, na miguuni pake likaning'inia jina la dereva, umri wa dereva, na kundi la damu la dereva.

Saa tano hivi, maabara ikaleta mfuko wa damu. Ulikuwa wa kitanda namba saba. Daktari Mbio akaupokea mwenyewe, akaenda mbio kama kawaida yake, akalinganisha karatasi ya mfuko na faili: jina ni lilelile, namba ya faili ni ileile, kundi ni lilelile, kitanda ni kilekile. Karatasi zote zilikubaliana. Aliyekuwa hakubaliani nazo ni mtu mmoja tu, na huyo hakusema kitu, maana daktari alipomwita, "Wewe ndiye fulani, siyo?" akitaja jina la dereva, mzee wa watu aliinua kichwa kwenye mto akasema, "Ndiyo, daktari."

Usishangae. Hakuwa kiziwi wala hakuwa mjinga. Mtu aliyefungua saa za watu miaka hamsini hawezi kuwa mjinga. Alikuwa na adabu tu, ile ya muuza mkaa.

Damu ya mtu mwingine, kama kundi haliendani, mwili huiona ni mwizi aliyeingia ndani. Hupigana nayo. Joto hupanda, mgongo hukatika kwa maumivu, figo huziba, na mara nyingi mwenye nyumba hufa pamoja na mwizi. Dereva alikuwa kundi A, na mzee alikuwa kundi O. Mfuko ulishatundikwa, mrija ulishajazwa, na kwenye mkono wa mzee sindano ilikuwamo tangu jana kwa ajili ya maji. Kilichobaki ni kufungua kibanio tu, na sahihi ya mtu wa pili, kwa sababu damu haifunguliwi mpaka watu wawili waweke sahihi.

"Sista! Njoo uweke sahihi hapa!"

Mama Rudia akaja akifuta mikono. Akaangalia mfuko, akaangalia faili. Akachukua kalamu, halafu akaishusha.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza, amekubali."

"Amekubali au amesema?"

Daktari Mbio akavuta pumzi kwa pua. "Mama, karatasi zote ziko sawa. Huyu mtu anatakiwa aongezwe damu sasa hivi, hemoglobini yake iko chini kabisa. Mimi chumba cha upasuaji wananingoja. Weka sahihi."

"Namuuliza mara moja, dakika moja."

"Kila siku dakika moja! Wewe dakika zako ukizijumlisha ni mwaka mzima." Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakainua vichwa. Mmoja akacheka, akajifunika shuka. "Sikiliza, Mama. Unajua barua yako inasema nini. Sitaki kukufanyia hivyo, lakini ukinichelewesha leo, naandika. Naandika kweli."

Mama Rudia aliiona ile stoo. Aliona taa moja, na mafaili yamepangwa mpaka darini, majina ya watu bila watu wenyewe. Lakini mdomo ulishazoea njia yake miaka thelathini na mmoja, kama ile soli. Akainama kwa mgonjwa.

"Mzee wangu, mimi sikujui. Nitajie majina yako matatu."

Mzee akamtazama daktari, akamtazama muuguzi, kama mtoto ambaye baba na mama wamemwita kwa wakati mmoja.

"Ni lile alilosema daktari."

"La daktari nimelisikia. Nataka lako."

"Na hilo lake pia si baya," mzee akasema kwa upole.

"Mzee wangu."

"Nikisema, hatakasirika?"

"Atanikasirikia mimi, nimezoea. Sema."

Mzee akataja jina lake, la baba yake na la babu yake. Majina matatu, na hakuna hata moja lililokaribiana na la kwenye mfuko.

"Na umekuja kutibiwa nini?"

"Mkojo, mama. Huu mkojo unanitesa. Nikaona wameleta damu, nikasema labda ndiyo wanaanza na hiyo."

Mkono wa Daktari Mbio ulikuwa bado juu ya kibanio. Aliuondoa taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayeuondoa juu ya pasi ya moto. Mama Rudia akauchomoa mrija kwa mzee, akaushika mfuko kama anavyoshika mtoto mchanga, akamwambia daktari, "Dereva yuko wapi?"

Dereva alikuwa dirishani, namba kumi na mbili, amelala usingizi ule mbaya wa mtu aliyepungukiwa damu. Walimwamsha. Akaulizwa, akataja majina yake, na safari hii yakaenda sawa na ya kwenye mfuko. Mrija ukabadilishwa, kadi zikahamishwa, sahihi zikawekwa mbili, kibanio kikafunguliwa. Matone yalipoanza kushuka, dereva akafumbua jicho moja.

"Sista, kadi yangu mliileta lini huku? Uliposema unakuja kuihamisha, nikangoja mpaka nikasinzia."

Aliyasema tu, hakukusudia kitu. Lakini Mama Rudia aliyasikia tena maneno ya asubuhi. *Sawa, badilishaneni, nakuja.* Ilikuwa sauti yake yeye. Kumbe mlango ambao kifo kilitaka kuingilia, yeye ndiye aliyeuacha wazi.

Alikwenda kwenye beseni akanawa mikono. Akainawa tena. Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyejua. Dereva alikwisha kusinzia tena. Daktari Mbio alikuwa ameketi kwenye kiti cha wauguzi, ndiyo, ameketi, na uso umemshuka. Mama Rudia aliporudi, alimwambia kwa sauti ya chini, "Mama, umeniokoa. Umeniokoa mimi kuliko hata yule mzee. Barua siandiki tena, naapa. Tuandike kwamba wagonjwa walijibadilishia vitanda wenyewe bila ruhusa, tukagundua mapema, yakaisha."

"Hawakujibadilishia. Waliniomba."

"Walikuomba wewe?"

"Nikawaruhusu. Nikasema nitahamisha kadi, sikuhamisha."

Daktari Mbio akatazama mlangoni, akamtazama yeye. "Mama, nani amesikia?"

"Mimi nimesikia."

"Ukiandika hivyo unajipeleka stoo mwenyewe. Utakuwa umemfanyia Mganga Mkuu kazi yake."

Mama Rudia akalivuta daftari la matukio. "Tukiandika wagonjwa wana makosa," alisema, "kesho watabandika tangazo ukutani: marufuku kubadilishana vitanda. Na kadi zitaendelea kuning'inia kwenye vyuma. Chuma hakiumwi, mwanangu. Chuma hakiongezwi damu. Jina lazima liwe kwa mtu." Akaandika ukurasa mzima, saa na dakika, aliyesema nini, na mstari wa mwisho akaandika: *Kadi nilipaswa kuihamisha mimi. Sikuihamisha.* Akaweka sahihi yake, ile ya shule, yenye mkia mrefu.

Hakuishia hapo. Mchana binti wa fundi saa alipokuja kumwona baba yake, Mama Rudia alivuta kiti akaketi nao, akawaeleza yote, la kwake na la wodi. Binti alisimama. Alikuwa mwalimu wa sekondari, na sauti yake ilifika kitanda cha mwisho. "Mngemuua baba yangu! Kwa kadi!"

"Ndiyo," alisema Mama Rudia. "Ndiyo maana nakwambia mimi, usije ukaambiwa na mtu njiani."

Ukijiandaa kuvunja mlango, halafu ukaukuta umefunguliwa, unaanguka ndani. Mzee naye akaanza kucheka, akacheka mpaka akahitaji kupelekwa choo. "Kumbe nilitaka kufa kwa adabu! Mwanangu, keti chini. Nimefungua saa za watu maisha yangu yote. Fundi akikuambia 'hapa mkono uliniteleza,' mpelekee na saa ya pili. Anayesema hakuna kilichotokea ndiye wa kukimbia."

Ijumaa wakaitwa ofisini. Mganga Mkuu alikuwa na daftari mbele yake, wazi kwenye ukurasa ule, na kalamu zake tatu zimetolewa mfukoni na kupangwa mezani. Matroni wa hospitali, mama mnene mpole aliyeanza kazi mwaka mmoja na Mama Rudia, alikaa pembeni akijipepea kwa bahasha.

"Bibi," alianza Mganga Mkuu, "unajua wakili akiuona ukurasa huu atafanya nini?"

"Wakili huja tukishaua, bwana mkubwa. Mimi niko kabla yake."

Matroni akakohoa kuficha kicheko.

"Na umemwambia mgonjwa! Umewaambia na familia! Tumewapa fimbo mkononi."

"Familia imekuja?"

"Imekuja. Yule binti alikuja hapa jana." Mganga Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ameleta barua. Anashukuru. Anasema ameona hospitali tatu na baba yake, na hii ndiyo ya kwanza iliyomweleza jambo kabla hajauliza." Aliyasema kama mtu anayetafuna kitu ambacho hajajua bado kama ni kitamu. "Kule nilikotoka, tuliinyamazia familia miezi minne. Mpaka wakaenda mahakamani wapate kuambiwa."

Daktari Mbio akasimama bila kuulizwa. Alisema malalamiko yake mawili ya zamani anayaondoa. Alisema yeye ndiye aliyemuuliza mzee "wewe ndiye fulani," yeye ndiye aliyemtilia jibu mdomoni, na kama sahihi ya pili ingekuwa ya mtu mwingine yeyote wodini mle, leo wangekuwa wanazungumza mambo ya jeneza. Kisha akaketi. Mara ya pili kwa wiki moja.

"Na wewe, bibi," alisema Mganga Mkuu, "ulikuwa unaweza kunyamaza kuhusu kadi."

"Nilikuwa naweza."

"Mbona hukunyamaza?"

"Nilitaka kadi ziondoke kwenye vyuma," alisema Mama Rudia. "Na bila hilo la kwangu, msingeziondoa."

Mganga Mkuu aliandika kwa muda mrefu. Zilitoka barua mbili siku ileile, zote mbili zina muhuri. Ya kwanza ilikwenda hospitali nzima: kuanzia Jumatatu jina na namba ya kila mgonjwa vitafungwa kwenye kifundo cha mkono wake, hata kama ni kwa kipande cha bandeji na wino, na hakuna mtu, awe daktari awe nani, atakayemtajia mgonjwa jina lake. Mgonjwa atajitaja. Muuguzi wa wodi ya wanaume atawafundisha wengine namna ya kuuliza, naye atabaki wodini. Barua ya pili ilikuwa ya onyo, kwa Mama Rudia peke yake, kwa kuruhusu kuhama kitanda bila kuhamisha kadi.

"Hii ya pili nilitaka kuiacha," Mganga Mkuu alisema akimkabidhi. "Lakini nikaona ukiikosa utaniuliza."

"Ningekuuliza," alisema Mama Rudia, akaipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu kuanza, Matroni alipita wodi ya wanaume kuona bandeji zimefungwaje. Alimkuta mwenzake amepanda juu ya kibao, pale kwenye ubao wa matangazo karibu na birika la chai, ana pini mbili mdomoni. Barua ya hospitali nzima ilishabandikwa na mtu, pembeni, imekaa upande. Mama Rudia alikuwa anabandika ya kwake, katikati, usawa wa macho.

"We, mama! Unabandika onyo lako mwenyewe?"

Akatoa pini mdomoni. "Nina miaka thelathini na mmoja humu, sijawahi kupata barua inayosema kweli tupu. Hii inasema kweli tupu. Soma."

Matroni akasoma, midomo inamcheza. Wauguzi wengine wawili wakasogea, wakasoma nao, na mmoja wao akageuka kimyakimya akaenda kitanda cha nne kuangalia kifundo cha mkono cha mtu aliyelazwa usiku. Dereva, ambaye rangi ilishamrudi usoni, akapaza sauti kutoka dirishani: "Sista, mimi nitajitaja sasa hivi au mpaka niulizwe?"

"Subiri zamu yako," Mama Rudia akamjibu. Akashuka kwenye kibao, akanyoosha gauni, shingo imesimama kama ya bibi harusi. Akageukia kulia, akasimama mbele ya kitanda namba moja.

"Mimi sikujui," alisema. "Nitajie majina yako matatu."